Nyasi mpya zinanyauka na maji namwagilia kila siku, nakosea wapi?

Kijukuu: Wakuu, nimetandika nyasi zile zinazokuja zimekunjwa kama mkeka. Leo siku ya 9. Namwagilia asubuhi na jioni, lakini kingo zimejikunja na katikati kumekuwa njano. Niongeze maji au mbolea? Silali.

FundiMstaafu: Weka mpira chini kwanza. Inua kona ya kipande kimoja, chomeka kidole. Pakiwa pakavu, maji yako yanaishia juu. Wiki 2 za mwanzo unyevu unatakiwa ushuke sentimita 10 hadi 15. Kingo hutangulia kukauka, hewa inapita kwenye maungio. Na ulilima kabla ya kutandika?

MamaWatatu: Zangu ziliuawa na mbwa. Kila asubuhi anakojoa palepale, doa la njano linakua. Nikimfunga, mzee wa nyumba anamfungua. Tulinuniana wiki nzima.

Mkorofi: Wenzako wanatafuta maji ya kunywa, wewe unanywesha majani. Panda mchicha.

FundiMstaafu: Mtoa mada, nimeuliza. Ulilima?

Kijukuu: Sikulima. Chini kuna zege. Lakini nilitandaza udongo unene wa vidole viwili, na aliyeniuzia alisema unatosha kabisa. Mbolea nimeshanunua, jana nimemwaga nusu mfuko. Kwa hiyo tusirudi nyuma, tuzungumzie maji.

FundiMstaafu: Zege! Mizizi iende wapi? Jua likiwaka linachemka, ukimwagilia maji yanatuama. Na mbolea kwenye nyasi ambazo hazijashika inaziunguza.

Bingwa07: Na kukata ni lini? Nauliza kwa ajili yangu.

FundiMstaafu: Ukivuta na zisinyanyuke. Usizidishe theluthi moja ya urefu.

Mpelelezi: Hii chai wakuu. Mwezi uliopita huyuhuyu alilalamika lifti mbovu, anakaa ghorofa ya nne. Bustani kaiweka wapi, mawinguni?

Mkorofi: 😂😂 Picha!

Kijukuu: Sijadanganya mtu. Ziko kibarazani, hukohuko ghorofani. Nilijua nikisema mtacheka badala ya kunisaidia.

Nimeinua kona. Kipande kimenyanyuka chote kama zulia, hakuna hata mzizi mmoja ulioshika. Chini maji yamesimama, harufu ya mtaro. Jirani wa chini amegonga mara mbili, sijafungua.

FundiMstaafu: Funga maji. Kisha mfungulie jirani, dari lake huenda linavuja.

Kijukuu: Sawa mkuu. Na ile mbolea iliyobaki?