Grupu la mtaa limegeuka uwanja wa "rudini kwenu": tufanyeje?

KivukoLikoni
Salaam ndugu. Grupu letu la WhatsApp hapa Likoni, Mombasa, lina watu zaidi ya 600. Lilikuwa la habari za maji, feri na mazishi. Siku hizi feri ikikwama tu, jumbe kumi baadaye ni "rudini kwenu bara", na wa pili wanajibu kwa kutukana dini. Admini akifuta anaambiwa anapendelea. Tutulize vipi bila kuwaziba watu midomo?

Admini_Kongowea
Kosa kubwa ni kufuta kabla ya kuhifadhi. Piga skrinshoti inayoonyesha nambari ya simu, tarehe na saa. Jina halitoshi, kwani kila simu imelihifadhi kivyake. Ndipo ufute ujumbe kwa wote. Admini ana uwezo wa kufuta hata wa mwenzake. Kisha weka maadmini pekee ndio watume, kwa saa moja au mbili. Ukifunga siku tatu, watu watafungua grupu lingine na huko hakuna wa kuwatuliza.

Ukimwondoa mtu, badilisha kiungo cha kujiunga na uwashe idhini ya wanachama wapya, la sivyo atarudi kwa laini nyingine. Tazameni pia ujumbe wenye alama ya mishale miwili: huo umeshasambazwa kwa mfululizo mara tano au zaidi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu kuutuma ila kwa chati moja moja. Wekeni sharti: anayeuleta aeleze umetoka wapi.

Bi_Tononoka
Kaka, kuhusu upendeleo: maadmini wenu ni wa upande gani? Wawe watatu, wenyeji na wa bara, na dini zisiwe moja. Wawili wakubaliane kabla ya kumtoa mtu. Anayefahamiana na mkosaji ndiye amfuate faraghani. Akikemewa mbele ya watu 600 atatetea heshima yake tu.

Sheria_Kwa_Ufupi
Tenganisheni tusi na chuki. "We mjinga" ni utovu wa adabu, sharti la grupu latosha. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ya 2008 kinahusu maneno ya vitisho au matusi yanayokusudia kuchochea chuki ya kikabila, au yanayoelekea kuichochea: faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Na kauli ya "rudini kwenu" si ndogo. "Wabara waende kwao" na "wakuja" zimo katika orodha ya maneno ya chuki iliyotolewa mwaka 2022 na NCIC, tume ya uwiano na utangamano ya Kenya, pamoja na "madoadoa" na "mende". Agosti 1997, hapo hapo Likoni, ghasia dhidi ya watu wa bara zilizuka, watu waliuawa na maelfu wakahama. Enzi hizo uchochezi ulipita kwa vikaratasi.

Admini_Kongowea
Kweli kabisa. Ila mkifungua grupu la Facebook, ambako maneno yanaweza kuchujwa, msizuie neno moja moja. Ukizuia "mende", anayeulizia dawa ya mende anakwama, na mchochezi anaandika "m3nde" anapita. Zuieni kauli nzima, na feri ikikwama admini mmoja awe macho kwenye simu.