Kanzu nyeupe na buibui jeusi katika picha moja: unapima mwanga wapi?

Mvita35
Salaam wakuu. Mji wa Kale wa Mombasa, mtaa wa Ndia Kuu, saa nane mchana. Bwana kavaa kanzu, bibi yake buibui, wamesimama mbele ya mlango wa nakshi. Nikipima kwenye kanzu, buibui linakuwa shimo. Nikipima kwenye buibui, kanzu inaungua, hata darizi ya shingoni haionekani. ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), JPEG (picha ambayo kamera imeshaibana). Nimtoe nani sadaka?

Chumba cha Giza
Hapana wa kutolewa sadaka. Kipima mwanga hakijui kanzu wala buibui. Kila unachokielekezea kinakifanya kijivu, kama kitu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukipima kanzu peke yake ongeza stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili, au nusu yake ukipunguza). Ukipima buibui, punguza kiasi hicho hicho. Majibu mawili yakikaribiana, mambo sawa. Yakiachana mbali, mmoja yuko juani na mwenzake kivulini.

Jua la mchana ni f/8 (tundu la lenzi) kwa 1/500 (sehemu ya sekunde). Kivulini, hatua chache tu pembeni, ni f/4 kwa 1/125: mwanga umepungua mara 16, yaani stopu nne. Nguo nyeupe na nyeusi chini ya mwanga mmoja hupishana stopu nne au tano, na JPEG hubeba. Ongeza nne za jua na kivuli, inalemewa. Waingize wote kivulini, mbele yao pawe na ukuta wa chokaa unaopigwa jua. Chokaa hiyo ndiyo taa yako.

Binti Kuze
Naafiki, ila ukuta ningeuweka ubavuni. Mwanga wa mbele hulifanya buibui bapa. Wa ubavuni huchora mkunjo wa bega na ukingo wa mtandio, basi, hayo yatosha. Piga RAW (faili ghafi, isiyobanwa kama JPEG), kanzu ikaribie ukingo wa kulia wa histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye kamera, kulia ndiko kweupe) bila kuugusa. Darizi ikishaungua hairudi; giza waweza kulipandisha baadaye ukavumilia chenga kidogo. Lakini usilipandishe kama zifanyavyo simu, mama wa watu akatoka amevaa nguo iliyochujuka. Jeusi liwe jeusi.

Mvita35
Shukran. Na mlango je? Haubebeki.

Chumba cha Giza
Mlango unaotazama mashariki, upande wa bandari, huingia kivulini baada ya saa saba hivi, na ukuta wa ng'ambo ndio unaanza kupokea jua. Unaotazama magharibi, nenda asubuhi. Tazama na rangi ya huo ukuta: wa kijani utaipaka kanzu kijani, na kurekebisha kanzu utaharibu nyuso.

Mvita35
Ni wa samawati, tena wa kukoza.

Binti Kuze
Basi shuka jeupe la kitanda, mtu alishike juani, mita moja na nusu kutoka kwao, nje kidogo ya fremu. Lisiwe la maua.