Naomba ushauri: nawaleta wanafunzi wa Kiswahili kutoka Ujerumani wakae kwa wakulima wiki moja, Lushoto panafaa?

MwalimuUghaibuni
Wakuu habari za mihangaiko. Nafundisha Kiswahili chuo kimoja huku Ujerumani na mwezi wa nane nakuja na wanafunzi 11 kwa wiki tatu. Wiki mbili za mwanzo wapo Dar, asubuhi darasani jioni mtaani, hizo hazinisumbui. Shida ipo wiki ya mwisho, nataka wakakae kijijini, walale kwa watu, wale wanachokula wenyeji na waende nao shamba, maana hawa vijana ukiwapa insha ya Azimio la Arusha wanakujazia kurasa nne safi kabisa ila konda akiuliza "dada we unashukia wapi" wanaduwaa mpaka kituo kinapita.

Nimefikiria Lushoto kwa sababu ni juu, kuna baridi na mbu ni wachache (chuo kimekazia sana malaria), mboga zinalimwa hata kiangazi na lami inafika. Ila jamaa yangu ananicheka, anasema nitakuwa nimewapeleka kujifunza Kisambaa cha wenyeji wa huko. Je panafaa au nitafute kwingine? Wenyeji nawalipaje bila kuacha ugomvi kijijini? Na nawazuiaje hawa watoto wasijikusanye wakaongea Kijerumani wiki nzima, hilo ndo linaninyima usingizi kuliko yote. Nawasilisha.

PwaniTu
Mwalimu unahangaika nini, leta watu Unguja. Kiswahili sanifu chenyewe kimejengwa juu ya Kiunguja, sasa unawapeleka mlimani kufuata nini? Mashamba yapo, Kizimbani, Kindichi, wataona mdalasini, hiliki, iliki ya kunusa na karafuu, na jioni wanaogelea.

Mlumbi wa Ng'ambo
@PwaniTu hiliki na iliki si kitu kimoja mkuu? 😂 Halafu hizo shamba za viungo ulizotaja ni za watalii, muongoza wageni pale anaongea Kijerumani kuwashinda hao wanafunzi, atawavisha taji la makuti, atawaimbia, saa mbili zimeisha. Ukitaka Unguja ya kweli uende kwa watu wa ndani huko Makunduchi, na nako wazee wakianza Kimakunduchi chao hata mimi wa Dar natoka kapa.

PwaniTu
Haya umeshinda, vidole vimeteleza. Ila bahari Lushoto hakuna.

Binti_Soni
Mwalimu karibu kwetu. Jamaa yako kasema kweli nusu. Wazee wakiwa wenyewe ni Kisambaa tupu, sokoni pia utakisikia, ila akiingia mgeni wanageuza hapohapo, na Kiswahili chao ni cha taratibu kinachosikika vizuri, tofauti na cha vijana wa Dar wanaomeza nusu ya maneno. Watoto wa shule ndo walimu wazuri zaidi maana wanasoma kwa Kiswahili, na mtoto hana aibu ya kumwambia mgeni umekosea, tena atarudia mara kumi huku anacheka.

Sasa sikiliza hili la wenyeji. Nyumbani kwetu tuliwahi kuletewa wageni wa namna hiyo. Mama alihangaika, kila siku wali na kuku, mgeni anaandaliwa meza sebuleni peke yake, anakula, anashukuru "asante sana mama chakula kitamu", anaingia chumbani na simu yake. Basi. Kiswahili chenyewe kilikuwa hichohicho asubuhi mpaka jioni. Mpaka bibi alipomuita jikoni akamkalisha kwenye kigoda amenye viazi, moshi wa kuni unamtoa machozi, bibi anamhoji ana ndugu wangapi, kwa nini hajaolewa, huko kwao maiti wanazikwa au wanachomwa. Yule binti aliongea usiku ule jamani! Kwahiyo kabla hamjafika kaa na akina mama uwaambie wasiwafanye wageni, wawape makande kama wenzao na wawatume. Ukiacha ijiendee yenyewe watawatunza kama mayai, sisi ndo tulivyo.

MkulimaHasara
Naongeza kwa dada hapo juu maana kaongea point. Kosa la hizi safari ni kudhani shamba ni jembe. Ukimpa mzungu jembe atifue tuta dakika kumi kiganja kina malengelenge, pumzi hana, ataongea lugha gani hapo? Kazi zenye maongezi ni zile za kukaa. Mwezi wa nane watu wengi wameshavuna mahindi ya masika, jioni ni kupukuchua, familia nzima na majirani chini mnapukuchua mnapiga soga. Kuchambua maharage hivyohivyo. Mabondeni kuna nyanya na kabeji za kumwagilia, waende asubuhi wakachume halafu wakae wapange nyanya kwenye tenga, ngumu chini zilizoiva juu, na hapo ndo utasikia Kiswahili cha pesa, dalali anakuja anaponda mzigo, mkulima anaapa kwa jina la mama yake kwamba hiyo bei haishuki. Muache mwanafunzi asimame pale asikilize, jioni akusimulie nani kamlalia nani. Na lumbesa waione kwa macho, gunia limejaa halafu limeongezewa kilemba juu na bei ni ileile, ukiwauliza baada ya hapo maoni yao kuhusu kilimo wataongea bila kusukumwa.

Kuhusu Kijerumani dawa ni moja, mmoja kila nyumba. Ukiweka wawili umewapa chama.

MwalimuUghaibuni
@MkulimaHasara hiyo ya kazi za kukaa sikuwa nimeifikiria kabisa, shukrani. Ila mmoja mmoja chuo hakitakubali, hasa kwa mabinti, wana karatasi zao za usalama.

Binti_Soni
Basi weka wawili, ila aliye vizuri na anayesuasua hapana, huyo wa kwanza atageuka mkalimani. Weka wawili wa kiwango kimoja wasiozoeana, nyumba ziwe kitongoji kimoja ili ukiitwa usiku unafika kwa miguu. Na mchana watengane, mmoja kwa mama mmoja kwa baba.

Mtendaji Mstaafu
Mwalimu, mimi nimekaa ofisi za vijiji miaka mingi. Mambo matatu.

Kwanza fika mwenyewe mapema kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, barua mkononi, majina ya wageni na nakala za pasipoti. Mgeni asiyejulikana kijijini akilala siku moja tu maneno yanaanza.

Pili viza. Mjerumani viza ya kawaida ni dola 50 anaomba mtandaoni, lakini viza ya matembezi si ya kufanya kazi, hata ya kujitolea, na wanafunzi wana kibali chao cha ukaazi, daraja C. Hao wako wanasoma, sasa andikia Uhamiaji ueleze ratiba yote wakupe jibu kabla hujakata tiketi. Usisikilize wa vijiweni. Pia kama ndege inapita Addis na wanasubiri uwanjani zaidi ya saa 12 wataulizwa kadi ya homa ya manjano.

Tatu pesa. Usimpe mtu mmoja ndo agawe, HATA AWE NANI. Kaeni kikao wenye nyumba wote, bei itajwe mbele ya wote, kila mama asaini na apokee mkononi mwake, nusu kabla ili anunue mchele na godoro. Na kijiji kipate chake kwa risiti. Zawadi za pembeni marufuku, mmoja akiacha simu nyumba hii nyumba ya pili wananuna mwaka.

Mlumbi wa Ng'ambo
Sema ukweli mkuu, bei gani kwa siku? Mi naona elfu 40 kwa kichwa na chakula ndani yake ni haki, chini ya hapo mnawanyonya wakulima kwa jina la lugha.

Mtendaji Mstaafu
Si mbaya. Ila waulize wao kwanza.

MwalimuUghaibuni
Shikamoo mzee, nimeandika yote. Nitatangulia kupanda siku kadhaa kabla ya kundi nikae na akina mama na serikali ya kijiji. Binti_Soni nakuja inbox. Kuna kitu cha kubeba ambacho huwa tunasahau?

Binti_Soni
Sweta nzito, wasidanganyike na neno Afrika, mwezi wa nane asubuhi huku ni ukungu na baridi ya meno kugongana. Mifuko ya plastiki waiache hukohuko, imepigwa marufuku tangu 2019. Tochi. Mabinti waje na kanga mbili mbili au wanunue Dar.

MkulimaHasara
Na gambuti wanunue kwao. Wale vijana wa kiume wana miguu namba 46, mji wa Mombo hapo chini ya mlima wote hupati.