CPAP: pua inakauka, bomba linajaa maji. Unyevu niuwekeje?

Swali

Habari zenu, ndugu. Natumia mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani kupitia bomba na barakoa, kwa ajili ya kukatika kwa pumzi usingizini, na usingizi wenyewe umetengemaa, ila pua na sainasi (matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso) zinanitesa. Nikiweka unyevu wa chini, ninaamka pua imekauka na kuziba, huku paji la uso na mashavu yakiuma. Nikiupandisha, maji hujikusanya kwenye bomba na kunidondokea usoni ndani ya barakoa, hasa alfajiri chumba kinapopoa. Barakoa yangu ni ya pua peke yake. Nifanye nini ili nipate unyevu wa kutosha bila kuloa?

Jibu la 1

Pole sana. Maji hayo yanaletwa na tofauti ya joto: hewa hutoka kwenye tangi la maji la mashine ikiwa na uvuguvugu na mvuke mwingi, kisha hupita katika bomba lililopoa, ambamo mvuke hugeuka matone. Kwa hiyo usikimbilie kupunguza unyevu, bali lipashe bomba joto. Ikiwa mashine yako inakubali bomba lenye waya wa joto, hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi. La sivyo, livike bomba ala ya kitambaa au lipitishe chini ya blanketi, na uiweke mashine chini kuliko kichwa chako ili matone yasiteremkie usoni. Ukibadilisha kiwango, panda au shuka hatua moja tu, kisha ukiache kwa siku kadhaa.

Jibu la 2

Nakubaliana na hayo, lakini kabla ya kugusa kiwango chochote, naomba uchunguze kinywa chako: je, unaamka ulimi umekauka? Kwa kawaida pua huipa hewa joto na unyevu tunapovuta pumzi, na sehemu ya unyevu huo huirudia tunapoitoa. Mdomo ukiachama, hewa ya mashine huingia puani na kutorokea kinywani, hivyo utando wa pua hutoa unyevu bila kurudishiwa. Hukauka, huvimba, pua huziba, na pua ikiziba mdomo hufunguka zaidi. Unyevu wa mashine hupunguza makali, lakini hewa ikiendelea kuvuja, tatizo hubaki palepale. Baadhi ya watu husaidiwa na mkanda wa kidevu, na wengine huhitaji barakoa inayofunika pua na mdomo. Mashine nyingi huweka kumbukumbu za uvujaji, nazo zitakuonyesha ukweli kuliko kukisia.

Mwulizaji

Nashukuru. Ni kweli, ulimi huwa mkavu kila asubuhi, na sikuwahi kuuhusisha na pua. Je, kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunafaa? Na dawa za kupuliza za kuzibua pua?

Jibu la 3

Maji ya chumvi yanafaa sana kabla ya kulala. Kipimo kinacholingana na mwili ni gramu 9 za chumvi kwa lita 1, na maji yawe yamechemka kwa dakika 1 au zaidi kisha yakapoa. Usitumie ya bomba moja kwa moja, kwa sababu kuna amiba, Naegleria fowleri, ambaye akipitia puani anaweza kufika kwenye ubongo. Hutokea kwa nadra mno, lakini karibu kila mara huua.

Dawa za kuzibua pua haraka zina mtego: ukizitumia zaidi ya siku chache, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Zile za steroidi, zinazopunguza uvimbe, ni tofauti. Huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, ila zungumza na daktari kwanza kabla ya kuzitumia.

Tangi nalo lijaze maji yaliyotoneshwa (distilled water), umwage yaliyobaki kila asubuhi na ulisafishe kwa sabuni laini. Ukipata homa, uvimbe karibu na macho, au kamasi nzito na maumivu yanayopita siku 10, nenda hospitali. Na usiache kutumia mashine kabla ya kumweleza daktari wako.