Ubingwa wa kupanga meno: India, Afrika Kusini, China au Uingereza? (Tulioko Arusha na Moshi)

Njiro_DDS

Wakuu, habari za kazi. Naomba tulinganishe njia za kusomea ubingwa wa kupanga meno kwa mtu mwenye DDS (shahada ya kwanza ya udaktari wa meno), aliyemaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo na mwenye leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Zilizo mezani ni shahada za uzamili wa meno: MDS ya India (miaka 3), MChD ya Afrika Kusini (miaka 4), uzamili wa China (miaka 3) na Uingereza (miaka 3, pamoja na MOrth, mtihani wa ubingwa wa kupanga meno). Kuna pia zile kozi fupi zinazotangazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Lengo ni kurudi kufanya kazi huku huku kaskazini. Ada kila mtu anaweza kuzisoma kwenye tovuti ya chuo. Ninachotafuta ni mambo ambayo tovuti haiyasemi: chuo kizuri kinatambulikaje kabla hujalipa?

WayaNaKoleo

Karibu Dokta. Kabla ya kuzungumzia nchi, piga hesabu ya miezi.

Mgonjwa wa kawaida wa braketi (vile vidude vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya) juu na chini anachukua miezi 18 hadi 24. Mwenye chonge iliyonasa ndani ya taya anazidi hapo. Kozi inayojiheshimu haikupi mgonjwa siku ya kwanza. Kwanza unakunja waya, unafunga braketi kwenye taipodonti (yale meno ya bandia yaliyopandwa kwenye nta), unachora sefalometri (vipimo vya X-ray ya kichwa ya upande) mpaka mkono uzoee. Tuseme mgonjwa wa kwanza unamfunga mwezi wa 6. Kozi ikiwa ya miezi 24, umebakiwa na 18, maana yake karibu wagonjwa wako wote unawaacha mikononi mwa mwingine. Ikiwa ya miezi 36, umebakiwa na 30, na wale uliowafunga kati ya mwezi wa 6 na wa 12 unaweza kuwafungua mwenyewe, yaani kuwatoa braketi matibabu yakiisha.

Kwa nini kumaliza ni muhimu kiasi hicho? Kwa sababu kuanza ni rahisi. Ukishaweka waya wa nikeli-titani wa inchi 0.014, meno yanajipanga yenyewe miezi ya mwanzo na mgonjwa anafurahi. Kazi ngumu iko theluthi ya mwisho: kufunga nafasi, mwinamo wa mizizi, mstari wa kati, kung'ata kunakozidi kuwa kwa kina. Chukua mfano wa kufunga nafasi baada ya kung'oa premola (jino lililo kati ya chonge na magego). Unatumia waya wa chuma wa inchi 0.019 kwa 0.025 ndani ya braketi yenye mfereji wa 0.022. Ukianza kuvuta kabla waya huo haujalala kwenye mfereji bila kusukuma popote, msuguano unakuwa mkubwa, meno ya mbele yanagoma kurudi, na gego linakuja mbele. Nanga imekatika, yaani jino lililopaswa kutulia ndilo lililosogea. Nafasi uliyoipata kwa kung'oa jino zima imeliwa na gego, na meno ya mbele bado yamechomoza vile vile. Kosa hili huonekana miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo mwanafunzi aliyekwisha kuondoka halioni kamwe.

Kwa hiyo iandikie idara moja kwa moja, si ofisi ya udahili. Uliza mwanafunzi mmoja anapewa wagonjwa wapya wangapi mwaka wa kwanza, anarithi wangapi, na anafungua wangapi kabla hajaondoka. Uliza pia kama wanapima matokeo kwa PAR. Hicho ni kipimo cha kulinganisha modeli za kabla na baada: wastani wa punguzo la zaidi ya asilimia 70 ni kazi nzuri, na mgonjwa mwenye chini ya asilimia 30 anahesabiwa kuwa hakupata nafuu. Wakikujibu kwa namba, endelea nao. Wakikutumia kipeperushi chenye picha za majengo, tafuta kwingine.

Kibosho_Ortho

Naunga mkono, na niongeze upande wa nchi.

India faida yake ni wingi wa wagonjwa na mkazo wa kukunja waya. Mtu aliyetoka kwenye chuo kizuri cha kule ana mkono. Lakini vyuo havifanani hata kidogo. Kuna vya binafsi vyenye viti vizuri na wagonjwa wachache, na mwanafunzi anajikuta anatafuta wagonjwa mwenyewe. Hakikisha chuo kinatambuliwa kwa MDS ya othodontia (kupanga meno) yenyewe, kwa sababu kutambuliwa kwa BDS, shahada ya kwanza ya meno, hakutoshi. Uliza kama NEET-MDS, mtihani wao wa kuingilia MDS, unakuhusu ukiwa mgeni, na upate jibu kwa maandishi. Lugha ya mgonjwa itakuwa ya jimbo, si Kiingereza. Jifunze maneno ya kliniki mapema: fungua, funga, ng'ata, inauma wapi.

Afrika Kusini mafunzo ni ya hospitali hasa, miaka 4, na mitihani ya fani ni migumu. Vyuo vinavyotoa madaktari wa meno ni vinne: Western Cape, Pretoria, Witwatersrand na Sefako Makgatho. Shida ni nafasi. Mgeni kwa kawaida anaingia kama mtu wa ziada asiye na mshahara wa serikali yao, hivyo anahitaji mfadhili, usajili wa HPCSA (baraza lao la wataalamu wa afya) na barua ya kuungwa mkono na serikali ya nchi yake. Barua hizo hazipatikani kwa wiki mbili. Ukiwa mtumishi wa umma, anza na mwajiri.

China swali ni moja: shahada hiyo ni ya kitaaluma au ya kliniki? Ya kitaaluma inaweza kukuweka maabara miaka 3 na seli na panya, ukatoka na machapisho mazuri bila kumfungua mgonjwa hata mmoja. Ufadhili wa serikali yao unavutia, na kwa mtu anayetaka kufundisha au kufanya utafiti ni njia halali kabisa. Kwa anayetaka kufunga braketi Arusha, haitoshi mpaka wathibitishe saa za kliniki.

Uingereza ni mafunzo yenye mpangilio mzuri na MOrth inaheshimika kila mahali, lakini ada kwa mtu wa nje ni kubwa na ushindani ni mkali. Sina zaidi ya hapo.

Usisahau nyumbani pia. Kuna MDent, uzamili wa meno wa Muhimbili. Angalia fani zilizofunguliwa mwaka unaoomba. Mgonjwa anaongea Kiswahili na historia yake unaielewa bila mkalimani, jambo ambalo wengi hawalipi uzito wake.

MajiYaChai

Wakuu, mmesahau kitu kimoja ambacho kwa mtu wa Meru na Kilimanjaro ni cha kwanza: floraidi.

Mgonjwa wa Maji ya Chai, Ngarenanyuki au Usa River ana enameli tofauti na ile ya kwenye vitabu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Maeneo haya yana vyanzo vinavyopita hapo mara kadhaa, na magadi kwenye makande yanaongeza. Sasa angalia kinachotokea kwenye kiti.

Kwa enameli ya kawaida unaweka asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, unasuuza, unakausha, na jino linakuwa jeupe kama chaki. Weupe huo ndio ishara kwamba asidi imekula na gundi itashika. Jino lenye floraidi linakudanganya mara mbili. Kwanza, tabaka la juu limejaa madini magumu ambayo asidi haiyali kirahisi, kwa hiyo sekunde 30 hazifanyi kitu. Pili, ukilikausha tu, hata kabla ya asidi, lina weupe wa chaki tayari! Daktari anaona weupe, anaamini, anafunga braketi, na wiki mbili baadaye mgonjwa anarudi na braketi nne kwenye karatasi.

Cha kufanya: panga jino kwa kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha ukali wa madoa ya floraidi, kinachoanzia 0 hadi 9. Kwa madoa mepesi ongeza muda wa asidi, dakika 1 na zaidi. Kwa yaliyokolea, parua kwanza tabaka la juu kwa unga wa alumina wa mikroni 50 au kwa bari laini, kidogo tu, ndipo uweke asidi. Usitegemee zile gundi zinazojumlisha asidi na praima pamoja. Kwenye enameli hii ni dhaifu. Kuanzia daraja la 5, ambapo mashimo yameanza, tatizo linageuka: chini ya lile tabaka gumu enameli ni dhaifu, na siku ya kufungua braketi kipande kinaweza kutoka nayo. Hapo tumia braketi za chuma, acha za kauri, na magego yafunge kwa bendi (pete ya chuma inayozunguka jino) na saruji ya ayonoma ya kioo.

Kwa hiyo ongeza swali kwa idara: wanaona wagonjwa wa floraidi? India ina majimbo kadhaa yenye tatizo hili, na chuo kilichoko huko kitakufundisha jambo ambalo London huenda usilione hata mara moja kwa mwaka.

Njiro_DDS

MajiYaChai, asante sana mkuu. Hili la weupe kabla ya asidi sikuwahi kuliona limeandikwa popote.

Fundi_Plasta

Niseme kwa upande wa maabara, madaktari wangu. Mabingwa wanaorudi wakiwa wamezoea alaina (vifuniko angavu vya plastiki vya kupanga meno) pekee wanakwama. Skana ikiharibika au mzigo ukichelewa bandarini, hawawezi kuandika hata oda ya pleti, kile kifaa cha kuvaa na kuvua. Chagueni mahali panapowafundisha kumimina modeli na kukunja waya wenyewe. Klaspu ya Adams, inayoshika pleti kwenye gego, ni waya wa milimita 0.7; springi ya Z, inayosukuma jino, ni 0.5. Daktari anayejua hilo mkononi ananiandikia oda inayoeleweka, na kifaa kinaingia mdomoni bila kusagwa upya.

Usa_River_Meno

Naomba kutofautiana kidogo kuhusu kozi fupi. Si kila mtu ataacha kazi miaka 3. Watoto wanaohitaji msaada mdogo ni wengi, na mabingwa wengi wapo Dar. Kozi fupi nzuri inamwezesha daktari wa kawaida kuwasaidia hapa hapa.

WayaNaKoleo

Usa_River_Meno, kwa watoto niko nawe kabisa, ila tuweke mipaka. Jino moja la mbele la juu lililong'ata nyuma ya la chini, mtoto wa miaka 8 au 9, nafasi ipo: pleti ya akriliki, klaspu mbili za Adams kwenye magego ya kwanza, springi ya Z, na akriliki ya nyuma imeinuliwa ili jino lipite. Jino husogea kama milimita 1 kwa mwezi. Kushikilia nafasi baada ya gego la utoto kung'olewa mapema, sawa. Kupapasa chonge za juu kwa kidole mtoto akifika miaka 10, na kupiga X-ray zisiposikika, hilo kila daktari wa meno analiweza na linaokoa meno mengi.

Meno ya juu kuchomoza zaidi ya milimita 6, chonge iliyonasa, taya ya chini kutangulia, mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura: hao ni wa bingwa. Mtoto wa mdomo sungura mwenye ufa kwenye ufizi anahitaji kupandikiziwa mfupa kabla chonge haijaota, mara nyingi kati ya miaka 8 na 11. Anayepanua taya bila kupanga na daktari wa upasuaji anaweza kuupoteza muda huo, na haurudi.

Cheti cha kozi fupi hakikupi haki ya kujiita bingwa. Na wale wanaofundisha siku mbili halafu wanakuuzia boksi la braketi, kaa nao mbali.

Na kwa yeyote atakayerudi huku: mgonjwa akisema mwanya usifungwe, usiufunge. Andika kwenye faili siku ya kwanza, kwa sababu mpango wote wa nafasi unabadilika.

Njiro_DDS

Nimeelewa. Mwelekeo ni India, chuo chenye wagonjwa wa floraidi, miaka 3 kamili. Karatasi za huku nyumbani zianzie wapi?

Kibosho_Ortho

Anza na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na Baraza la Madaktari kabla hujalipa hata amana. TCU ndiyo itakayotathmini shahada ya nje ukirudi, na Baraza ndilo litakalokuingiza kwenye sajili ya mabingwa. Waandikie wote wawili jina la chuo na jina kamili la kozi, uulize kama inakubalika kwa ubingwa. Majibu yahifadhi, yachapishe.

Ukiwa mtumishi, ruhusa ya masomo iwe mkononi kabla ya viza.

Ukiwa chuoni, jaza daftari la wagonjwa kila jioni: tarehe ya kufunga, waya uliobadilisha, msimamizi aliyesaini. Omba saini siku hiyo hiyo, kwa sababu wasimamizi huhama. Kabla ya kuondoka chukua muhtasari wa mtaala wenye saa za kliniki, umegongwa muhuri wa idara, nakala mbili. Kuupata ukiwa Arusha ni barua pepe za miezi.

Na mwaka wa kwanza omba kitabu cha ratiba ya wagonjwa uone wanarudi kila baada ya wiki ngapi. Wengi hufanya wiki 4. Mgonjwa wako atatoka Karatu au Rombo kwa basi, kwa hiyo jizoeze mapema kupanga waya zinazoweza kufanya kazi wiki 6 hadi 8 bila kuguswa.