Naomba ushauri: nimuulizeje mzee wa rika la baba yangu kuhusu tendo la ndoa?

Tabibu wa Kibosho: Ndugu zangu, mimi ni tabibu kijana katika zahanati moja ya kijijini, na wengi wanaokuja siku ya kliniki ya presha na sukari ni wazee ninaowaamkia shikamoo kabla sijafungua faili. Wiki iliyopita mzee mmoja aliyeacha dawa za presha kwa miezi miwili alinijibu kwamba alisahau tu, ila alipofika mlangoni akageuka na kusema kuwa dawa zile "zinamzeesha". Nilimwelewa, lakini aibu ilinifunga mdomo, naye akaenda zake. Nifungueje mazungumzo haya bila kumvunjia heshima?

Muuguzi mstaafu, Moshi: Mwanangu, kwanza mtume mjukuu aliyemsindikiza akasubiri dirisha la dawa, kwani hakuna mzee atakayetaja mambo ya chumbani mbele ya mtoto aliyembeba mgongoni. Kisha anzia kwenye ugonjwa: "Baba, wengi wenye sukari huniambia kwamba imewapunguzia nguvu katika tendo la ndoa; kwako hali ikoje?" Ukishauliza, nyamaza. Akina mama nao waulize kuhusu ukavu na maumivu baada ya kukoma hedhi, maana wengi huvumilia wakidhani ndio uzee wenyewe.

Daktari wa Arusha: Naongeza la kitabibu. Baadhi ya dawa za presha, hasa za kuongeza mkojo na zile za jamii ya atenololi, zinaweza kupunguza nguvu za kiume, na mara nyingi zinaweza kubadilishwa. Lakini sukari na presha zenyewe huharibu mishipa, kwa hiyo usiilaumu dawa kabla ya kumpima. Muulize pia, bila kumhukumu, kama amejinunulia sildenafili, yaani dawa ya kuongeza nguvu za kiume, kwa sababu ikikutana na dawa za naitreti za maumivu ya kifua, presha inaweza kushuka ghafla na kumuua.

Binti wa Machame: Mimi ni muuguzi wa kike, na ukweli ni kwamba maneno mazuri pekee hayatoshi, wapo wazee wasioweza kuniambia lolote, nami huwauliza kama wangependa kuonana na mwenzangu wa kiume. Msiwasahau wajane: asiyeogopa tena mimba haoni sababu ya kondomu, nasi tunaacha kumshauri apime VVU kwa kuwa tu tunamwita bibi.

Tabibu wa Kibosho: Asanteni sana. Nimempigia simu mzee, atakuja Alhamisi. Ameuliza kama anaweza kuja bila mjukuu wake.