Mjadala: Ukirithi klasi ya AppKit, maandalizi yakae kwenye init au awakeFromNib?

Mtoa mada: Wakuu, wanaoandika programu za Mac kwa AppKit (maktaba ya Apple ya madirisha na vitufe) hushauriwa kila mara waweke maandalizi yote ndani ya awakeFromNib, methodi inayoitwa baada ya nib (faili la muundo wa dirisha) kupakiwa. Mimi napinga, mahali pake ni init, methodi inayoandaa objekti inapoundwa. Ukirithi NSView (klasi ya view, yaani eneo linalochorwa dirishani), andika initWithFrame: na initWithCoder:, zote zianze kwa kuita super (toleo la klasi mama), kisha ziite methodi moja ya pamoja, tuseme andaa. Ukiandika initWithFrame: peke yake, view uliyoiunda kwa kodi itakuwa sawa, lakini ile inayosomwa kutoka nib kwa initWithCoder: itatoka bila rangi wala thamani ulizoweka.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, umesahau viunganishi, yaani vigeu vya IBOutlet vinavyoelekeza vitu vilivyomo kwenye nib. Ndani ya init kila IBOutlet bado ni nil (tupu), na Objective-C hailalamiki ukituma ujumbe kwa nil. [kitufe setEnabled:NO] inapita kimya, mtumiaji anakuta kitufe bado kinabonyezeka. Ikifika awakeFromNib viunganishi vimeshafungwa. Chochote kinachogusa kitufe kikae huko.

Mtoa mada: Kwa viunganishi nakubali, ila neno "yote" ndilo linaloleta balaa. Chukua NSTableView (jedwali): makeViewWithIdentifier:owner: ikiunda seli kutoka nib, awakeFromNib ya owner (objekti uliyoitaja kuwa mmiliki) nayo inaitwa tena. Zikiundwa seli 12, inaitwa mara 12. Kama humo ndimo unamojisajili NSNotificationCenter (kituo cha kusambaza taarifa ndani ya programu), taarifa moja itakufikia mara 12 au zaidi, na hesabu zote zinaharibika. Tena usitegemee objekti nyingine za nib hiyo ziwe zimeshamaliza awakeFromNib zao, maana mpangilio wa nani anatangulia haujahakikishwa.

Mchangiaji wa 3: Jamani, mnabishania NSView wakati wengi wanakwama kwenye NSDocument, klasi ya hati inayofunguliwa na kuhifadhiwa. Faili likifunguliwa, readFromData:ofType:error: huitwa kabla dirisha halijapakiwa. Mtu anaandika humo [eneo setString:maandishi], eneo (kiunganishi cha sehemu ya maandishi dirishani) ni nil, anarudisha YES, dirisha linafunguka tupu na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Utaratibu ni huu: kwenye readFromData hifadhi maandishi katika kigeu cha hati, kisha kwenye windowControllerDidLoadNib: ita super, ndipo uyaweke kwenye eneo. Na thamani za hati mpya pekee ziende initWithType:error:. Ukiziweka kwenye init zitaingia hata kwenye hati ya zamani inayofunguliwa, kwa sababu nayo inapitia init.

Mchangiaji wa 2: Hapo nimekuelewa. Kwa NSWindowController (klasi inayosimamia dirisha) basi ni windowDidLoad. Wanaotumia Swift (lugha nyingine ya Apple) nao waangalie: ukiandika init yako, kompaila inadai required init?(coder:), na marekebisho yanayopendekezwa na Xcode (programu ya Apple ya kuandikia kodi) yanaweka ndani fatalError, amri ya kuangusha programu. Kodi inakubalika, lakini klasi hiyo ikipakiwa kutoka storyboard (faili la muundo kama nib) programu inaanguka papo hapo.

Mtoa mada: Ndiyo maana nashikilia init. Vigeu, safu na kamusi za klasi ziwe tayari pale, kwa kuwa methodi kama setFrameSize: zinaweza kuitwa kabla ya awakeFromNib, na zitakuta nil.

Mchangiaji wa 2: Vigeu sawa. Usajili wa taarifa sikubali uende init ya view: hapo haijaingia dirishani. Uwekwe viewDidMoveToWindow, na uondolewe pale self.window inapokuwa nil.